Mhimili wa Z ndio unaobeba mzigo

Kwenye mashine ya CNC, ile inayokata mbao kwa kuongozwa na kompyuta, mihimili ya X na Y huteleza ubavu tu. Z, ule wa juu na chini, ndio unaoning'iniza mota ya kukatia, na uzito ule haulali hata umeme ukizimwa.

Mimi nililigundua hilo kwa biti, yaani kisu cha kukatia, iliyozama kwenye plaiwudi. Skrubu ya kupandisha na kushusha kichwa nilikuwa nimefunga T8 ile ya kawaida: unene milimita 8, nyuzi nne zinazokimbia pamoja, kila mzunguko nati inasogea milimita 8. Nyuzi zenye mteremko mkali kiasi hicho huzungushwa na mzigo wenyewe. Nilipozima swichi, kichwa kizima kikateremka taratibu mpaka chini. Nikabadilisha, nikaweka T8 ya uzi mmoja, milimita 2 kwa mzunguko, na sasa kinakaa pale nilipokiacha. Mwendo umepungua, lakini Z yenyewe husafiri kidogo, kwa hiyo sijali.

Ukibadilisha skrubu, badilisha na hesabu. Mota yangu ya kuzungusha skrubu ina hatua 200 kwa mzunguko, na dereva, yaani saketi inayoiendesha, inagawa kila hatua mara 16, yaani 3200. Gawa kwa 8 unapata hatua 400 kwa milimita. Gawa kwa 2 unapata 1600. Kwenye GRBL, programu inayoongoza mashine, namba hiyo hukaa kwenye $102. Niliisahau, nikaagiza kina cha milimita 4, ikachimba 1.

Kosa ninaloliona sana kwenye mashine za wenzangu ni kuiacha skrubu ining'inie kwenye kapilingi, kiungo kati ya mota na skrubu. Ile ya alumini iliyochanjwa kwa mzunguko ni springi, jamani! Biti ikigandamiza ubao, inajikunja, na kina ulichoagiza hukipati. Skrubu ibebwe na beringi ya kuhimili msukumo kwenye bamba la juu, ikabwe kwa pete pande zote mbili. Kapilingi kazi yake kuzungusha, basi.

Katika kufunga, usiwe na haraka ya kukaza. Kaza reli moja kwa skwea, ya pili iache legelege, sukuma kigari kinachobeba mota ya kukatia kwa mkono juu na chini, ndipo uikaze. Boliti za nati ziwe za mwisho: pandisha kigari karibu kabisa na beringi, zikaze hapo, kisha kishushe ukizungusha skrubu kwa vidole. Kikianza kuwa kizito kikifika chini, skrubu haiendi sambamba na reli. Legeza, weka kipande cha bati chembamba chini ya beringi, ujaribu tena. Mimi ilinichukua vipande viwili vya kopo la soda.