Kima punju na mikoko ya Chwaka: yasemwayo na yalivyo

“Tutapanda chombo mtoni, ndani ya msitu wa Jozani.”
Jozani, kisiwani Unguja, hakuna mto wa kusafiria. Kinachopitika kwa ngalawa ni hori (mikono ya bahari) za mikoko upande wa Ghuba ya Chwaka, ndani ya hifadhi ileile iliyotangazwa kuwa ya taifa mwaka 2004. Maji yake ni ya bahari, na hayo ndiyo yanayopanga siku yako.

“Saa yoyote twende tu, mradi nahodha yupo.”
Hapa ndipo safari nyingi huharibika. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Wakati wa bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, Unguja maji hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 jioni. Basi saa 4 asubuhi, wageni wanapowasili kwa wingi, hori ni tope tupu. Siku hizo anza na kima punju, wale kima wekundu wa msituni, asubuhi mapema, wakati wanakula. Mchana hujilaza tu. Mikoko iache hadi alasiri. Ingia maji yakijaa: ukikwama yatakuinua. Ukikwama yakipwa, utakaa hapo saa kadhaa na mbu wako. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hujaa asubuhi, lakini ni machache na vijia vya ndani huenda visipitike. Ndani ya mikoko tumieni upondo, mti mrefu wa kusukumia chombo. Mashine hufukuza ndege kama mdiria kabla hamjamwona.

“Maji yakipwa hakuna cha kuona.”
Kinyume chake. Pita kwenye njia ya mbao ya Pete, karibu na Jozani: kaa wako nje ya mashimo, na samaki wenye macho juu ya kichwa wanarukaruka topeni. Mkoko unasimama juu ya mizizi yake iliyopinda; mchu, mti mwingine wa humohumo, huchomoza mizizi kama penseli. Geuza jani la mchu juani, utaona chembe za chumvi ambayo mti wenyewe umeitoa.

“Kima punju mpe ndizi, atafurahi.”
Ataumwa. Tumbo lake lina vyumba ambamo vijidudu huchachusha majani, na sukari ya tunda bivu huchacha humo kupita kiasi. Chakula chake ni majani machanga, vitumba na matunda mabichi. Wale wa mashambani hula sana majani ya mkungu na mwembe, kisha hutafuna mkaa kutoka matanuri ya zamani, nao hunasa sumu za majani hayo. Kaa mbali mita 3 au zaidi. Mwenye mafua asiende kabisa, maana maradhi yetu huwaambukiza.

“Kima punju wanamaliza nazi.”
Utafiti uliofanyika pembezoni mwa Jozani na kuchapishwa 1999 ulikuta kwamba kima walipokula vidaka (nazi changa) zaidi, mavuno hayakupungua, bali yalielekea kuongezeka, kwani vidaka vikipungua vinavyobaki hupata nafasi. Malalamiko ya wakulima kuhusu mazao mengine ni suala jingine.

“Kima punju wako Unguja tu.”
Asili yao ni Unguja, lakini miaka ya 1970 wachache walihamishiwa msitu wa Ngezi, Pemba.

“Matuta ya barabarani Jozani ni usumbufu.”
Kima wengi waligongwa hapo kabla hayajawekwa. Punguza mwendo, na ukitaka picha, egesha kwanza langoni.