Hidrojeni ndani ya ukuta wa stenlesi, na kwa nini presha ya ombwe hugoma kushuka

Chemba ya ombwe ya stenlesi, yaani chombo cha chuma kisichoshika kutu kinachonyonywa hewa, imeoshwa, imeokwa kwa nyuzi 150 za Selsiasi usiku na mchana, imepoa. Geji inasoma 10⁻¹⁰ mbar na hapo imeganda. Wengi huanza kupulizia heli kwenye kila flanji (kiungo cha bolti) wakitafuta tundu. Mimi ningetazama kwanza kichanganuzi cha gesi zilizobaki. Ikiwa mstari mrefu ni wa tungamo 2, yaani hidrojeni, na ile ya 28, 32 na 40 (nitrojeni, oksijeni na agoni za hewa) haipo au haifiki popote, acha kukaza bolti. Gesi hiyo inatoka kwenye ukuta wenyewe.

Hidrojeni huingia kwenye stenlesi tangu kiwandani, chuma kikiwa bado kimeyeyuka, kisha huongezeka kidogo kinaposafishwa kwa asidi. Kiasi chake ni sehemu moja hivi kwa milioni kwa uzito, lakini kwa kuwa atomi ya hidrojeni ni nyepesi sana, hizo ni kama atomi 50 katika kila atomi milioni za chuma. Ndani ya metali haikai kama molekuli. Hukaa atomi mojamoja, kwenye nafasi zilizopo kati ya atomi za chuma, ikiruka kutoka nafasi hadi nafasi. Ili itoke, sharti ifike kwenye uso wa ndani wa chemba, ikutane na nyingine, ziungane kuwa H₂, ndipo ziachie uso. Kwa sababu ya kuungana huko wawiliwawili, kiasi kinachoyeyuka ndani ya metali hufuata kipeuo cha pili cha presha: ukiongeza presha ya hidrojeni mara nne, kinachoyeyuka huongezeka mara mbili tu. Hiyo ndiyo kanuni ya Sieverts, na tutaihitaji tukifika kwenye tanuri.

Mwendo wa kuruka unategemea joto kupita kiasi. Chukua bati la stenlesi la unene wa milimita 2, linalotoa hidrojeni pande zote mbili, ujiulize itachukua muda gani hadi ibaki theluthi moja hivi ya ile ya mwanzo. Kwa joto la chumba, miaka 40 hivi. Kwa nyuzi 150, wiki tatu hadi nne. Kwa 250, zaidi kidogo ya siku moja. Kwa 450, kama saa moja. Kwa 950, dakika moja na ushei. Ukizidisha unene mara mbili, muda unakuwa mara nne. Kwa hiyo kuoka kwa nyuzi 150 kwa saa 24 ni dawa ya maji yaliyoshikamana na uso, na huifanya kazi hiyo vizuri, lakini hidrojeni iliyo katikati ya ukuta haitikisiki.

Wanaojaribu kushindana na hali hii kwa kununua pampu kubwa wapige hesabu kwanza. Stenlesi iliyookwa kwa kawaida hutoa hidrojeni kiasi cha 2 × 10⁻¹² mbar·lita kwa sekunde kwa kila sentimita mraba. Chemba yenye uso wa ndani wa mita mraba moja, yaani sentimita mraba 10,000, itatoa 2 × 10⁻⁸ mbar·lita kwa sekunde. Ukiwa na pampu inayovuta lita 200 kwa sekunde utaishia 10⁻¹⁰ mbar. Ukitaka 10⁻¹² kwa njia ya pampu peke yake, utahitaji lita 20,000 kwa sekunde, na chemba ya ukubwa huo haina hata mahali pa kuifunga. Choma chuma hichohicho kwenye tanuri kabla ya kuunganisha, utoaji ushuke mara mia, na pampu ileile itakufikisha.

CERN, maabara ya fizikia ya chembe ya Ulaya, hutumia tanuri la ombwe: nyuzi 950 kwa saa 2, presha ikiwa chini ya 10⁻⁵ mbar. Watu hukazia macho saa na joto wakasahau presha ya tanuri, na hapo ndipo kanuni ya Sieverts inapouma. Mwisho wa kuchoma, hidrojeni inayobaki kwenye chuma huwa inalingana na ile iliyopo hewani mwa tanuri. Tanuri chafu, au lililosheheni vyuma kuliko pampu zake zinavyomudu, litakurudishia chuma chako bado kina hidrojeni hata kikikaa motoni siku nzima.

Aina ya chuma nayo ina neno. Tumia yenye kaboni kidogo, 304L au 316L, kwa sababu kati ya nyuzi 500 na 850 kaboni hushikana na kromi kwenye mipaka ya chembe na kuiacha mipaka hiyo wazi kwa kutu. Flanji zenye ukingo wa kisu ziwe za 316LN iliyofuliwa. Ukingo wa 304L hulegea kwenye nyuzi 950, kisha unabonyea badala ya kuikata gasketi ya shaba. Kung'arisha kwa umeme kufanyike kabla ya tanuri, maana huingiza hidrojeni mpya. Na ukichomelea baadaye kwa TIG (tao la umeme lililofunikwa kwa gesi), tumia agoni tupu. Mchanganyiko wa agoni na hidrojeni unapendwa kwa stenlesi kwa sababu mshono hutoka mzuri, lakini hapa unarudisha kilichokwisha kuondolewa.

Tanuri la ombwe si lazima. LIGO ya Marekani, mtambo wa kunasa mawimbi ya uvutano, ina mabomba ya 304L yenye upana wa zaidi ya mita moja na mikono ya kilomita 4, unene wa ukuta ukiwa milimita 3 hivi. Chuma chake kilichomwa hewani tu, nyuzi 455 kwa saa 36, kikiwa bado kimeviringishwa kabla ya kuwa bomba. Baada ya kuunganishwa, mabomba yalipitishiwa umeme yakapata nyuzi 150 hadi 170 kwa takriban mwezi mmoja ili kufukuza maji. Kazi mbili, joto mbili, kila moja na adui wake.

Upande wa pampu, turbo (pampu ya bapa zinazozunguka kasi) ndiyo dhaifu zaidi kwa hidrojeni. Molekuli nyepesi hukimbia kasi kuliko bapa zake, kwa hiyo pampu inayobana nitrojeni mara bilioni na zaidi inaweza kubana hidrojeni mara elfu kumi tu. Ikiwa nyuma ya turbo kuna hidrojeni ya 10⁻⁶ mbar, mbele yake hutashuka chini ya 10⁻¹⁰. Weka turbo ndogo ya pili nyuma ya ile kubwa. Pampu ya ayoni huivuta vizuri, kwani titani huimeza, lakini ikifanyishwa kazi kwenye presha kubwa mabamba hupata moto, huvimba na kuitema. Pampu ya baridi haiwezi kuigandisha kwenye kelvini 20; huinasa kwa mkaa tu, na mkaa ukishiba au ukichafuka kwa mafuta, hidrojeni ndiyo ya kwanza kuponyoka huku nitrojeni ikiendelea kuvutwa kama kawaida. Utando wa titani, zirkoni na vanadi, unaopakwa ndani ya ukuta ili unase gesi, ukiamshwa kwa nyuzi 180 kwa saa 24, ni mzuri mno. Haugusi agoni wala methani, kwa hiyo uongezee pampu ndogo ya ayoni.

Kama huna kichanganuzi, tumia joto la chumba. Kwa hesabu ya mwendo wa atomi, ukuta ukipanda nyuzi 10 utoaji wa hidrojeni hukaribia kuwa mara mbili, mvujo haujali. Kiyoyozi kikizimika na presha ikapanda taratibu pamoja na joto la ukuta, kisha ikashuka kilipowashwa, sina haja ya heli.

Halafu ile namba yenyewe kwenye geji. Geji ya ayoni husawazishwa kwa nitrojeni, na kwa hidrojeni usikivu wake ni kama 0.46 ya huo. Chemba iliyojaa hidrojeni tupu ikisoma 1 × 10⁻¹⁰ mbar, presha halisi ni 2.2 × 10⁻¹⁰. Andika kwenye daftari la kazi umetumia ipi, iliyosomwa au halisi, maana kasi ya pampu na utoaji wa ukuta vyote vitakokotolewa kutoka namba hiyo.