Baiskeli nje ya Dar: tunayoambiana na yaliyopo barabarani

Mtu akinunua baiskeli ya gia hapa Dar es Salaam, swali lake la kwanza huwa: Bagamoyo ni kilomita ngapi? Anajibiwa ni kama 70 kutoka Posta. Anapiga hesabu ya kilomita 25 kwa saa, anaona saa tatu zinatosha, anaondoka. Kilomita ziko sawa, lakini safari haiko kwenye kilomita. Uende kaskazini kwa Bagamoyo, kusini kwa Kigamboni na Kimbiji, au magharibi kwa Pugu na Kisarawe, njia huchaguliwa kwa upepo, kwa saa ya kuondoka na kwa hali ya barabara. Inaniuma kuona watu wakiuza baiskeli zao baada ya safari mbili mbaya, kumbe sisi wenyeji wa barabara hizi ndio tuliowaambia vibaya.

"Pwani ni tambarare, kwa hiyo ni kuteleza tu."

Hii ndiyo inayoumiza wengi kuliko zote. Kwenye tambarare hakuna kilima cha kukukinga, na mpinzani wako ni upepo. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi. Ukienda kilomita 25 kwa saa pakiwa shwari, mwili wako unakutana na hewa kwa kasi hiyo hiyo. Ukivuma upepo wa uso wa kilomita 15 kwa saa nawe ukang'ang'ania mwendo ule ule, hewa inakujia kwa kasi ya 40, na ukinzani wake unazidi wa awali kwa mara 2 na nusu. Hakuna miguu inayostahimili hilo kwa saa tatu.

Wavuvi wetu wanaijua kalenda yake. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, huvuma kati ya Desemba na Machi; kusi, wa kutoka kusini, hushika baada ya hapo hadi karibu Oktoba. Juu ya pepo hizo kuna upepo wa mchana: nchi kavu ikipata joto, hewa yake hupanda, na ya baharini huingia kujaza nafasi. Ndiyo maana alfajiri huwa pametulia, halafu kuanzia saa nne au saa tano minazi inaanza kupepea.

Sasa chukua siku ya Julai. Unatoka kwenda Bagamoyo, kusi iko mgongoni. Tegeta, Bunju, Mapinga, Kerege, vyote vinapita upesi, unajiona umeiva. Unafika, unakula, unazunguka magofu ya Kaole, unaanza kurudi saa sita. Uso wako sasa umeelekea kusini mashariki, huko huko upepo unakotoka, na umekwishapata nguvu ya mchana. Kati ya Zinga na Mapinga kuna sehemu zilizo wazi ambako mtu hushuka gia hadi ya mwisho kwenye barabara isiyo na mlima. Wengi humalizia safari ndani ya gari, baiskeli ikiwa imelazwa nyuma.

Dawa yake ni rahisi: toka ukiukabili upepo miguu ikiwa mipya, rudi ukisukumwa. Kwa hiyo msimu wa kusi ni wa Kigamboni. Unavuka Kivukoni kwa pantoni, unashika Mjimwema kwenda Gezaulole na kuendelea kusini, unarudi na upepo mgongoni. Kaskazi ikishika, hapo ndipo Bagamoyo inapendeza. Mkiwa wawili au zaidi, kaeni nyuma ya mmoja wenu na mpokezane mbele. Wa nyuma huokoa robo ya nguvu zake, pengine zaidi.

Na hata huo utambarare hauko kila upande. Ukipita Gongo la Mboto kuelekea Pugu unaanza kupanda, na hadi Kisarawe ni kupanda na kushuka kandokando ya misitu ya hifadhi ya Pugu na Kazimzumbwi. Si milima mirefu, lakini baada ya wiki kadhaa za barabara ya bahari, mapaja yatakuambia. Mimi naipenda njia hiyo kuliko zote. Miti inakata upepo, na hewa ya asubuhi pale ni nyingine kabisa.

"Kaa pembeni kabisa, ndiko salama."

Ukingo wa lami ndiko kunakokusanyika mchanga, vioo na misumari, na mara nyingi lami yenyewe imemeguka. Ukitambaa ukingoni, dereva wa daladala anaona nafasi ya kukupita bila kuhama njia yake, na kioo chake kinapita karibu na bega lako. Shimo likitokea, huna pa kwenda ila kulia, mbele ya gari. Acha kama nusu mita hadi mita moja kutoka ukingoni, nyoosha mstari wako, usiyumbeyumbe. Lori likikaribia na barabara ni nyembamba, toka mapema kwa hiari yako, usisubiri honi. Tegeta uwe macho zaidi, maana malori ya saruji kutoka Wazo yanaingia hapo. Ukirudi kutoka Kigamboni kwa Daraja la Nyerere, lililofunguliwa mwaka 2016, jua kwamba ukishuka upande wa Kurasini unakutana na malori ya makontena ya bandarini.

Wapo pia wanaoshauri kuendesha upande wa kulia ili uyaone magari yanayokuja. Huo ni ushauri wa mtembea kwa miguu. Baiskeli inakwenda kushoto pamoja na magari, basi.

"Jaza upepo hadi tairi liwe gumu, ndipo inakimbia."

Kwenye lami laini kama kioo, sawa. Barabara zetu zina rasta, matuta na viraka, na ukishaacha barabara kuu kwenda ufukweni unakuta changarawe na mchanga. Tairi gumu hapo linarukaruka, na kila mruko ni nguvu iliyopotea na mikono iliyokufa ganzi. Tairi pana kidogo lenye upepo wa kiasi hushika vizuri na mara nyingi huenda kasi zaidi.

"Vijijini ukipata pancha umekwisha."

Kinyume chake. Karibu kila kijiji kina fundi chini ya mwembe, na beseni lake la maji, msasa, gundi na vipande vya tyubu kuukuu. Anazamisha tyubu yako, anatafuta mapovu, anasugua, anabandika, anagonga kwa nyundo, na kiraka chake kinadumu. Tatizo liko kwenye vipuri. Duka la kijijini linauza tairi na tyubu za baiskeli za mizigo, na tairi la inchi 28 la baiskeli hizo halikai kwenye rimu ya 700 ya baiskeli ya mashindano, hata kama kwa macho vinalingana. Valvu nyembamba ya baiskeli ya mashindano nayo haikubali pampu ya fundi. Beba tyubu mbili zako, pampu ndogo, na kile kichwa kidogo cha shaba cha kubadilishia valvu. Kazi mwachie fundi, na mlipe vizuri.

"Dafu linarudisha chumvi yote."

Dafu ni zuri, na nakunywa kila ninapolikuta. Lakini lina potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, wakati chumvi inayotoka na jasho ni sodiamu hasa. Ndiyo hiyo inayoacha michirizi myeupe kwenye fulana. Kunywa maji matupu kupita kiasi kwa saa nyingi nako kunaizimua sodiamu ya damu, na mtu anaweza kuugua kweli. Dafu, sawa, pamoja na mihogo yenye chumvi au supu.

"Safari ndefu za baiskeli ni mambo ya Wazungu."

Toka alfajiri uone. Wakati wewe unafunga kofia, wanaume kutoka upande wa Kisarawe na Mkuranga wako barabarani tangu usiku na magunia ya mkaa, wengine na nazi, kwenye baiskeli isiyo na gia hata moja. Hao ndio wajuzi wa njia hizi. Waulize mchanga uko wapi, daraja gani limeliwa na masika, lami inaishia wapi. Juni jua huchomoza kama saa 12 na nusu, kwa hiyo weka taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma. Ukimfikia mwenye gunia gizani, piga kengele ukiwa bado mbali na umpite kwa nafasi pana, kwa sababu akiwa na mzigo ule hawezi kukwepa.