Tawala za kale: nani alikalia kiti, na alikipataje?

Vitabu vya shule huzigawa tawala za kale kwa idadi ya watawala. Akitawala mmoja ni ufalme, wakitawala wachache ni utawala wa wachache, wakitawala wengi ni demokrasia. Mgawanyo huu tumeupokea kwa Wagiriki. Aristotle, katika karne ya 4 KK, aliongeza kipimo cha pili: je, anayetawala anatafuta manufaa ya wote au yake mwenyewe? Hapo aina tatu zikawa sita, kila moja na ndugu yake aliyeharibika.

Ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini naona kuna swali linalofaa kutangulia: mtu aliingiaje madarakani, na akitoka nani alimdai hesabu?

Tuitazame Athens. Sisi leo tukisikia demokrasia tunawaza uchaguzi. Waathene waliamini kwamba uchaguzi huwapendelea matajiri, wenye majina na wasemaji hodari, kwa hiyo vyeo vingi walivigawa kwa bahati nasibu. Baraza la watu 500, lililoandaa ajenda za mkutano mkuu, lilijazwa hivyo, watu 50 kutoka kila moja ya makabila 10 ya raia. Mtu alikaa mwaka mmoja, na hakuruhusiwa kuingia zaidi ya mara mbili maishani.

Kwa mahakama walitumia kifaa maalumu. Lilikuwa bamba la jiwe lenye safu za matundu membamba. Kila raia aliyejitokeza kuamua kesi alikuwa na kibao chake cha shaba chenye jina, kikachomekwa tunduni. Pembeni palikuwa na mrija uliojazwa gololi nyeupe na nyeusi. Ikitoka nyeupe, safu nzima inaingia kazini siku hiyo. Ikitoka nyeusi, safu nzima inarudi nyumbani. Hakuna aliyejua mapema nani ataamua kesi, kwa hiyo kuhonga kulikuwa kugumu. Majenerali 10 tu na maofisa wengine wachache ndio waliochaguliwa kwa kunyoosha mikono, kwa sababu vita vinahitaji ujuzi. Na aliyemaliza muda wake alikaguliwa kabla ya kwenda zake. Hata hivyo wanawake, watumwa na wageni wakaazi hawakuwa na sauti yoyote katika haya.

Roma ilikuwa jamhuri tangu mwaka 509 KK kwa hesabu yao wenyewe, na huko watu walipiga kura. Tatizo lilikuwa uzito wa kura. Katika kuwachagua makonsuli, yaani viongozi wakuu wawili wa mwaka, raia waligawanywa katika makundi 193 kwa kufuata mali, na kila kundi lilikuwa na kura moja. Kwa mpangilio wa awali, wapanda farasi walikuwa na makundi 18 na daraja la kwanza la matajiri 80. Jumla 98, nao tayari ni wengi. Upigaji ulianzia juu na kusimama mshindi akipatikana. Wasio na mali kabisa wote walisongamana katika kundi moja la mwisho, na mara nyingi zamu yao haikufika. Kinga ya watu wa kawaida ilikuwa kwa matribuni, waliochaguliwa na umma na wenye haki ya kuzuia uamuzi wa ofisa yeyote kwa neno moja.

Venice ya zama za kati ilikuwa na mkuu aliyetawala hadi kufa, Doge, lakini haikuwa ufalme. Kwa utaratibu wa mwaka 1268, wajumbe 30 wa Baraza Kuu walipatikana kwa bahati nasibu, wakapunguzwa hadi 9. Hao wakachagua 40, wakapunguzwa hadi 12. Wakachagua 25, wakabaki 9. Wakachagua 45, wakabaki 11. Hao ndio waliowateua 41 wa kumchagua Doge, naye alihitaji kura 25. Vipira vya bahati viliokotwa na mtoto wa kiume. Mzunguko huo ulilenga ukoo wowote usiweze kupanga matokeo. Marino Faliero alipokula njama ya kujifanya mtawala pekee, alikatwa kichwa mwaka 1355. Baadaye, hata Doge aliyefariki alikaguliwa, na warithi wakalipa alichovuruga. Ila tangu 1297 mlango wa Baraza Kuu ulifungwa kwa familia zisizokuwa ndani tayari. Ulikuwa utawala wa wachache waliochungana wenyewe kwa wenyewe.

Pwani yetu nayo imo katika ulinganisho huu. Kilwa ilikuwa na masultani. Lakini Mreno Duarte Barbosa, akiandika mwanzoni mwa karne ya 16, alisema Barawa, mji wa pwani ya Somalia ya leo, haikuwa na mfalme. Iliendeshwa na wazee wake wenye heshima. Kwa hiyo mji huo wa biashara, uliokuwa na lugha na dini moja na Kilwa, kwa namna ya kutawaliwa ulikaribiana zaidi na Venice.