Mvua imekatika, tuingie baharini?

Maswali haya huulizwa sana Dar es Salaam kila masika, jua likitoka tu baada ya siku mbili tatu za mvua.

Mvua imeacha tangu alfajiri na jua linawaka. Kwa nini nisiwapeleke watoto ufukwe wa Coco jioni?

Kwa sababu mbingu zimetulia lakini mto bado. Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, unapita Vingunguti na Jangwani, kisha unaingia baharini pale Daraja la Salenda, si mbali na Coco. Njia nzima ni mitaro, majalala na vyoo vya shimo. Na sote tunajua kinachofanyika usiku wa mvua kubwa: mtu anatapisha choo chake, maji yanachukua, asubuhi shimo liko tupu. Kinyesi kile hakijapotea, kimekuja ufukweni. Subiri siku mbili, na kama mvua ilikuwa kubwa, tatu. Ikinyesha tena, anza kuhesabu upya.

Lakini si maji ya chumvi? Chumvi inaua vijidudu.

Hili ndilo linaloniumiza roho, maana wengi wanaliamini. Chumvi na jua hupunguza vijidudu, ila taratibu. Mto unapoingilia baharini chumvi imeshazimuliwa na maji ya mvua, na tope linazuia jua. Kimelea cha kipindupindu hustawi hasa kwenye maji ya chumvi kidogo ya namna hiyo. Virusi vya homa ya ini aina ya A navyo huweza kudumu baharini kwa wiki kadhaa.

Nitatambuaje maji mabaya?

Kabla hujavua viatu, simama utazame. Ukiona maji ya karibu yana rangi ya chai ya maziwa na ya mbali ni ya buluu, ujue mto umefika. Angalia pia mstari wa taka ulioachwa na maji kujaa: chupa, magunzi, pampasi. Lakini maji kuwa maangavu si ushahidi wa usalama, vijidudu havionekani.

Kuna mahali pamoja naomba wazazi wapaangalie zaidi: kile kidimbwi kinachotuama mchangani mtaro unapoishia. Maji yake ni ya vuguvugu na hayafiki magotini, kwa hiyo mama anamwambia mwanawe, "Usiende kwenye kina, cheza hapa hapa." Kumbe pale ndipo pachafu kuliko baharini kwenyewe, na watoto humeza maji kuliko watu wazima.

Je, kuna kichocho?

Baharini, hapana. Konokono anayekieneza anaishi maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Kwenye mito na madimbwi, ndiyo. Huko pia kuna homa ya mgunda, ile iliyosikika sana mwaka 2022 ilipozuka Lindi. Huletwa na mkojo wa wanyama, panya wakiwemo, na hupenya kwenye michubuko. Mwenye kidonda asiingie.

Tumeshaogelea. Tufanye nini?

Ogeni maji safi na sabuni, na msichokonoe masikio kwa pamba. Mtoto akianza kuhara, mpe ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji safi, mapema. Choo kikiwa kama maji ya kuoshea mchele, usingoje kupambazuke, mpeleke kituo cha afya. Homa ikija hata wiki mbili baadaye, mweleze daktari kwamba mliogelea baada ya mvua, kwani taifodi huchelewa kujitokeza.

Ukiacha magonjwa, kuna hatari nyingine?

Kubwa. Maji yakiwa yanakupwa huku mto umefurika, mkondo unavuta kuelekea nje kwa nguvu. Tena kwenye maji ya tope mtu akizama haonekani. Ukiona mtu anazama nawe si muogeleaji hodari, usimrukie. Mtupie dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko, linaelea na kumshikilia, huku mwenzako akipiga 114, Zimamoto na Uokoaji.

Akitolewa hapumui, msimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Mlazeni chali, mpulizieni pumzi mdomoni huku mmembana pua, kisha mkandamizeni katikati ya kifua kwa nguvu na haraka. Rudieni hivyo hivyo, pumzi na kifua, mpaka apumue au waokoaji wafike.