Maumivu ya kesho yake hayatokani na asidi ya laktiki

Wengi tumeambiwa tangu shuleni kwamba misuli huuma siku ya pili baada ya mazoezi kwa sababu asidi ya laktiki imetuama humo. Sivyo. Seli ya msuli ikihitaji nishati haraka, huvunja glukosi, yaani sukari, bila kusubiri oksijeni na kutoa lakteti, ndiyo hiyo watu huiita asidi ya laktiki. Nayo haikai: baada ya saa moja hivi nyingi imeshaondoka. Moyo huichoma kama kuni, ini huigeuza kuwa glukosi tena. Ni chakula hicho, jamani, si sumu!

Kinachouma ni nyuzi za msuli zilizochanika kidogo kidogo. Anayeshuka Kilimanjaro, mapaja yakifunga breki kila hatua, kesho yake hata kuketi ni shida, ingawa kupanda ndiko kulikomtoa pumzi.