Kabla hujakatwa tumbo, njoo na anayepika

Wengi wanaonijia hapa Tanga kuhusu operesheni ya kupunguza uzito wanakuja wameshaamua. Wameshaangalia video usiku kucha, wameshaongea na mtu aliyefanyiwa Dar, kuna mmoja alikuwa ameshauza kiwanja chake Pongwe, kwa hiyo wanachotaka kwangu ni barua tu, ile ya mtu wa saikolojia ya kusema huyu yuko sawa apasuliwe. Na mi naielewa hiyo haraka. Mtu kabeba magoti yanayouma miaka kumi na tano, sukari juu, presha juu, usiku anakoroma mpaka pumzi inakatika mkewe anamtikisa, halafu unamwambia subiri kwanza tukae tuongee miezi miwili mitatu, lazima aone unamzungusha.

Mimi sishiki kisu. Kazi yangu inaanza kabla ya kisu na inaendelea muda mrefu baada yake, na ninachokiona kila mwaka ni kwamba mtu mmoja anapasuliwa lakini nyumba nzima inabadilika, na kama nyumba haikuandaliwa basi yule aliyepasuliwa anabaki peke yake na tumbo dogo katikati ya watu wanaokula kama zamani.

Nianze na aibu maana ndo inayowakalisha watu kimya kwenye kiti changu. Karibu wote wanaingia wakijitetea, "dokta mi najua ni ulafi wangu", "ni uvivu tu", mama mtu mzima anaongea ameinamisha kichwa kama mtoto aliyevunja kikombe. Sasa sikiliza. Ukijinyima chakula ukapungua kilo kumi, mwili hauchukulii kwamba umefanikiwa, unachukulia kwamba kuna njaa imeingia nchini, unapunguza matumizi na unaongeza homoni ya njaa, inaitwa grelini, iligunduliwa 1999, inatoka zaidi kwenye ile sehemu ya juu ya mfuko wa chakula. Ndo maana watu wanapungua wanarudi, wanapungua wanarudi na kilo tano za nyongeza. Sio tabia mbaya hiyo. Operesheni ya silivu inatoa karibu robo tatu ya mfuko wa chakula au zaidi kidogo, na ile sehemu ya juu yenye grelini nyingi inaondoka nayo, kwa hiyo njaa yenyewe inapungua, sio ukubwa wa tumbo tu. Baipasi ni nyingine, wanatengeneza kijimfuko cha kama mililita 30, yaani vijiko viwili vya mezani, wanakiunganisha na utumbo mdogo, chakula kinapita njia fupi. Zote mbili ni tiba ya ugonjwa kama tiba nyingine yoyote. Na hatari ya kufa mezani ikifanywa na watu waliozoea ni ndogo, inakaribiana na ya kutoa kibofu cha nyongo. Hayo utaelezwa vizuri na daktari wa upasuaji, mi nayasema hapa ili uingie kwangu umenyanyua kichwa.

Lakini grelini ni njaa ya tumbo. Kuna njaa nyingine hakuna daktari anayeweza kuikata.

Kuna mama mmoja wa Ngamiani, nimebadilisha mambo madogo madogo asijulikane na mwenyewe ameniruhusu kuandika. Alikuwa na kilo 118 urefu mita 1.58, ukipiga hesabu ya BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, inakuja 47, na kigezo kilichotumika tangu 1991 ni 40, au 35 kama una maradhi yanayotokana na uzito, na mwaka 2022 vyama vikubwa vya madaktari wa fani hii vikashusha kuwa 35 hata kama huna ugonjwa mwingine. Kwa hiyo kwenye karatasi hakukuwa na mjadala, anastahili. Nikampa daftari la shule la kurasa 48 nikamwambia usipunguze chochote, kula ulivyozoea, ila kila ukila andika saa ngapi, nini, na nani yuko nyumbani.

Wiki mbili akarudi nalo limepata doa la mafuta kwenye jalada. Asubuhi chai na andazi moja. Mchana wali wa nazi na changu, sahani ya kawaida kabisa, pungufu ya ninayokula mimi. Halafu inaanza: saa 4 usiku chapati moja, saa 4 na nusu chapati nusu, saa 5 ile nusu iliyobaki na chai ya maziwa, saa 5 na robo halua. Na ile safu ya tatu, ya nani yuko nyumbani, karibu kila usiku kaandika kitu kilekile kwa mwandiko unaozidi kuwa mdogo: watoto wamelala, baba hajarudi. Usiku ambao baba alirudi mapema, mara tatu katika wiki mbili, baada ya saa 2 hakuna kitu kilichoandikwa.

Nikamgeuzia daftari asome mwenyewe. Akakaa kimya muda mrefu anapitisha kidole juu ya yale maneno, akasema "kumbe nakula kumsubiri."

Sasa niambie, huyu ukimkata tumbo akarudi nyumbani, saa 4 usiku atafanya nini? Chapati haitapita. Kile kitu chapati ilikuwa inakifunika kitakuja chote, na atakuwa dhaifu, ana maumivu, anakunywa supu kwa kijiko. Sikumkatalia. Tuliahirisha miezi mitatu, tukafanya kazi ya zile saa za usiku, mdogo wake akawa anampigia simu kuanzia saa 4, mwenyewe akaanza kulala chumba cha watoto siku mbaya, na kubwa kuliko yote alizungumza na mumewe. Sitaandika walizungumza nini.

Nasisitiza hili la kuahirisha maana niliwahi kulikosea. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilimwandikia barua baba mmoja baada ya kukaa naye mara moja tu, mtu mcheshi, kajieleza vizuri, sikumuuliza kwa undani kuhusu mnazi. Alifanyiwa baipasi. Baada ya baipasi pombe inaingia kwenye damu haraka kuliko zamani na inapanda juu zaidi, glasi moja inakuwa kama mbili tatu, na watu kadhaa ambao zamani walijiliwaza kwa chakula wanahamia kwenye chupa. Yeye alihamia. Mke wake ndo alinipigia, na sijaisahau ile sauti. Siku hizi nauliza pombe, nauliza mirungi, nauliza dawa za usingizi, nauliza mara tatu kwa siku tatu tofauti na nauliza tena mbele ya mtu wa nyumbani kama mwenyewe karidhia. Na sonona vilevile, kama unatumia dawa za sonona mwambie daktari wa upasuaji mapema, maana baada ya baipasi dawa nyingine hazinyonywi kama mwanzo, na ule mwaka wa kwanza na wa pili mtu anahitaji kuangaliwa kwa karibu. Wapo wanaopungua vizuri sana huku moyoni wanazama na hakuna anayewauliza kwa sababu kila mtu anasifia gauni.

Turudi kwa mama wa Ngamiani. Alikuja na picha yake ya harusi, ana miaka 22, kilo 60, akaiweka mezani, "nataka huyu". Nikamchukulia kalamu. Kwa wastani mtu anapungua robo mpaka karibu theluthi ya uzito wake wote, kwa kilo 118 ni kama 30 hadi 35, kwa hiyo utafika 85 hivi. Sio 60. Na ngozi ya tumbo na mikono italegea. Na mwezi wa tatu wa nne nywele zitatoka kwenye chanuo kwa wingi, kwa kawaida zinarudi, lakini utatishika. Alilia, kwa kweli alilia sana, na nilimwacha alie kwa sababu yule binti wa kwenye picha ilikuwa lazima aagwe pale, kwenye chumba chenye feni na mlango uliofungwa, kuliko kuja kumtafuta kwenye kioo mwaka unaofuata akamkosa. Afu tukaongea nini kitawezekana kwenye kilo 85. Kuinama kusujudu bila kushikilia kiti. Kupanda daladala bila kulipa siti mbili. Sukari kushuka, pengine dawa kupunguzwa. Akasema kusujudu peke yake kunatosha.

Sasa sinia. Sisi watu wa pwani tunakula sinia moja, hiyo ndo namna yetu ya kusema tunapendana, na mgeni akila kidogo mwenye nyumba anaumia. Mtu aliyefanyiwa operesheni anakula vijiko vichache, anatafuna mpaka iwe uji, anachukua dakika 20 au 30, hanywi maji pamoja na chakula anasubiri nusu saa, na anaanza na samaki au yai au maharage, anahitaji gramu 60 za protini kwa siku kwa uchache, wali anaugusa mwisho kama nafasi ipo. Akila tende nyingi au halua kwa pupa, hasa wa baipasi, moyo unaenda mbio, jasho, tumbo linakata, anatafuta pa kulala. Yote hayo kwenye sinia yanaonekana. Shangazi anaona. Mama mkwe anaona. "Mwanangu mbona huli, chakula changu kibaya?"

Ndo maana nawapa zoezi la kijiko cha chai wakiwa bado hawajapasuliwa. Chagua Ijumaa, watu wote wapo, pilau ipo. Jipakulie kwenye bakuli la mtoto, tumia kijiko cha chai, tega simu ilie baada ya dakika 30, tafuna, usinywe kitu. Wenzako wale kwenye sinia kama kawaida. Usieleze mpaka uulizwe. Halafu usiku uandike, sio ulikula nini, andika ulijisikiaje pale sinia lilipoisha na wewe bado una vijiko vitatu. Yule mama alifanya, akaandika: "nilijiona mgeni kwangu." Wifi yake, aliyekuwa anapika siku hiyo, alinuna mpaka jioni akidhani kadharauliwa.

Wiki iliyofuata nikamwomba aje na wifi. Hapo ndo kazi ilipofunguka, kwa kweli. Yule dada hakuwa mbaya hata kidogo, hakuna mtu aliyewahi kumweleza kwamba hili ni ugonjwa, yeye mapenzi yake yote anayaweka kwenye sufuria. Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa juu, akauliza maswali mazuri kuliko madaktari wengine, changu wa kuchemsha atafaa? tui liwe jepesi? akitapika nifanyeje? Alipotoka alikuwa na kazi, na mtu mwenye kazi hanuni.

Kuna la majirani pia. Ukinenepa huku kwetu watu wanasema umependeza, mume anakutunza. Ukipungua kilo 30 kwa miezi michache watasema una ngoma, watasema umerogwa, watasema umeachika. Andaa sentensi yako moja kabla, fupi, uizoeze mdomoni. "Nilikuwa naumwa nimetibiwa, alhamdulillah" inatosha, ni kweli na inafunga mazungumzo. Huna deni la kumwonyesha mtu makovu yako. Ila amua mapema nani atajua ukweli wote, angalau wawili, na mmoja awe ndani ya nyumba.

Wenye ndoa, zungumzeni mambo mawili. Wivu, maana upo, mume aliyezoea mke haendi popote sasa anamuona kavaa viatu anaenda Raskazone kutembea jioni. Na mimba: uzito ukishuka uwezo wa kushika mimba unaongezeka, hata kwa waliokaa miaka bila mtoto, lakini inashauriwa kusubiri mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu, kwa hiyo uzazi wa mpango upangwe kabla ya operesheni. Kufunga Ramadhani nako muulize daktari wako, miezi ya kwanza baada ya operesheni sio wakati wake, maji mtu anayameza kwa funda dogo dogo mchana kutwa, akiyakosa anaishia drip.

Mwisho wa maandalizi wengine wanasema hapana, na hiyo ni sawa kabisa. Baba mmoja wa Makorora aliposikia vitamini ni za maisha, vipimo vya damu kila mwaka, na diklofenaki anayomeza kwa ajili ya goti haitaruhusiwa tena akichagua baipasi, alisema hayuko tayari, akaendelea na kliniki ya sukari na kutembea. Hajashindwa. Wengine wanachagua puto, linalokaa tumboni miezi sita au mwaka kutegemea aina kisha linatolewa, hospitali ya Mloganzila kule Dar wanaweka, lakini nalo saa 4 usiku haliongei na wewe.

Yule mama wa Ngamiani alikwenda kupasuliwa. Asubuhi ya safari, yuko stendi ya Kange na wifi yake, alinitumia picha ya mkoba: ndani bakuli la mtoto, kijiko cha chai, na lile daftari lenye doa la mafuta.

Kwa hiyo kama uko Tanga na umeshapewa tarehe, fanya la kijiko Ijumaa hii. Uandike. Halafu njoo, usije peke yako, njoo na anayepika.